Hedifoni Chini ya Ushungi

Farida ameniuliza swali la mstari mmoja. Wanataka kununua hedifoni mpya za kazini, anataka kujua mimi nilikuwa nachaguaje. Swali hilo aliniletea kwenye simu tangu juzi, na tangu juzi sijatulia. Niliandika jibu nikalifuta. Niliandika jingine, nikaona linafanana na vile vikaratasi vinavyokuja ndani ya boksi, nikalifuta nalo. Sasa nimeamua kuandika yote, kwenu nyote mliobaki pale ofisini Mbezi Beach, na atakayeona ni marefu asome huku anasubiri video yake ipande.

Naandika nimesimama. Laptopu ipo juu ya friji fupi jikoni kwangu Chang'ombe, kwa sababu nikikaa goti linaanza kutikisika lenyewe. Kila mtu aliniambia kustaafu ni kupumzika. Mimi nafagia uwanja ambao umeshafagiwa, naanika nguo ambazo hazijaloa. Masikio yangu yamezoea kupewa kazi, na yasipopewa yanajitafutia. Karakana ya jirani inakata bati, nami najikuta nanyoosha mkono hewani kutafuta pa kupunguzia ule ukali wa juu.

Nitawaeleza habari za uzito, sponji na waya. Lakini nitawaeleza pia habari za ndoa ya Kipawa, ambayo baadhi yenu mmeipata kwa midomo ya watu, kwamba Bi Zuwena alivunja harusi ya watu. Binti mmoja alikuwa anaozwa, na neno lake likasikika kwangu peke yangu katika nyumba nzima, kwa sababu ya kilichokuwa masikioni mwangu. Kwa hiyo msidhani nazunguka. Ni swali lile lile la Farida.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye redio moja ya hapa mjini, zamani kabla hamjazaliwa wengi wenu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Masoud, mtu mfupi, mkavu, mwenye tabia ya kukujibu akiwa ameshaondoka. Alinipa hedifoni za chuma, nzito, zenye ngozi iliyoanza kubanduka. Akaniambia nivae. Nikavaa juu ya ushungi. Nikangoja sauti, hakuna sauti. Yeye anaendelea kulehemu waya zake kama simo chumbani.

"Mzee, hakuna kitu," nikamwambia.

"Najua hakuna kitu. Kichwa kikianza kukuuma niambie."

Haikuchukua muda. Kwanza utosi, kisha masikio yakawa kama yameshikwa na mwalimu wa madrasa. Nilijikaza nisionekane mnyonge siku ya kwanza, halafu nikashindwa, nikamwambia. Akazivua kichwani mwangu, akazitundika, akanipa nyingine zilizofungwa kwa utepe wa plasta. "Zile si zako," akasema. "Sasa tuanze kusikiliza."

Somo hilo halijabadilika. Mtu akienda dukani Kariakoo kununua hedifoni, muuzaji anamwekea wimbo. Wimbo unaisha upesi, na kwa muda huo hata sufuria ukiivaa kichwani utaona sawa. Harusi ni kutwa. Hitima ni kutwa. Mkutano wa hadhara mgeni rasmi akichelewa ni kutwa na masaa ya ziada. Hedifoni zinazobana hazikuumizi kichwa tu. Zinakufanya uzivue kidogo, uzishushe shingoni upumue, na jambo lenyewe la kusikia litatokea hapo hapo ulipozishusha.

Kipindi hicho hicho cha mwanzo nilipata kituko ambacho hakuna fundi mwanamume atakipata. Kila nilipogeuza kichwa nasikia krr, krr. Nikabadilisha waya. Krr. Nikabadilisha maiki, nikabadilisha tundu kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nikamshuku hata mtangazaji kwamba anakuna karatasi mezani. Nilikuwa nimeshaandika maombi ya waya mpya wa studio nzima. Mzee Masoud akaja, akavaa yeye, kimya. Akanivalisha mimi, krr. Akanitazama kichwani kwa muda.

"Zuwena, waya ni wazima. Toa hiyo pini."

Ilikuwa pini ya ushungi, imekaa juu kidogo ya sikio, inakwaruza upinde wa hedifoni. Watu wa studio walicheka hadi kipindi kikachelewa. Tangu siku hiyo nilijifunza kujifunga kwa namna yangu. Ndani navaa kininja chepesi cha pamba, juu yake hedifoni, kisha ndipo mtandio unashuka juu ya kila kitu bila pini yoyote upande wa masikio. Joto lilikuwa joto, sitawadanganya. Lakini kitambaa kile cha juu kilizuia kelele za chumba zaidi ya ngozi ya kiwandani, na baadaye kilikuwa na faida nyingine: watu wanasahau kabisa kwamba umevaa kitu.

Hapo ndipo sheria ya pili ya Mzee Masoud ilipokuwa na maana. Alinipa sheria hiyo siku mtangazaji mmoja aliposahau maiki wazi wakati wa muziki, akamweleza mwenzake kwamba mkewe amehama nyumba. Niliyasikia yote, hadi rangi ya masanduku. Nilipotoka, Mzee Masoud alikuwa mlangoni. "Kinachoingia humo si chako," akasema. "Kikiwa cha hewani, kipeleke hewani. Kisipokuwa cha hewani, umezaliwa kiziwi." Nikaishi hivyo. Nimejua magonjwa ya watu, ugomvi wa watu na nani hampendi nani katika kamati za maandalizi, na nikasalimiana nao wote kama sijui lolote.

Redio ilipopunguza watu, Farida alikuwa ameanza kazi yake ya kurusha shughuli mubashara kwenye mtandao, akitumia chumba cha nyuma nyumbani kwa wazazi wake, Mbezi Beach. Alikuwa na kamera nzuri, laptopu nzuri, na hedifoni ambazo, Farida mwanangu nisamehe, zilikuwa balaa. Zilikuwa za kuchaji, hazina waya, zinawaka taa ya bluu. Aliniambia, "Bi Zuwena, sasa hivi hakuna anayetumiaga tena waya." Nikamwambia sawa. Tukaenda kurusha harusi hotelini, hapo hapo jirani, nami nikawa namwona bwana harusi anafumba mdomo ndipo sauti yake inanifikia. Kitu kama hicho kinachosha akili, hujui uamini jicho au sikio. Kisha katikati ya hotuba ya baba yake hedifoni zikaniambia kwa sauti tamu ya kike kwamba chaji imekwisha, zikazima. Nilimaliza shughuli ile kwa kutazama mishale ya mikisa na kumwomba Mungu.

Akanunua nyingine, za waya, zenye besi ya kutetemesha meno. Humo kila kitu kilikuwa kizuri. MC mwenye mafua alikuwa mzuri. Spika iliyochanika ilikuwa nzuri. Waliokuwa wanatazama nyumbani ndio walioandika kwamba hawasikii neno, wanasikia ngurumo. Hedifoni za namna hiyo ni kama yule rafiki unayekwenda naye kununua nguo, kila unachojaribu anakwambia kimekupenda. Kwa kusikilizia singeli ni sawa. Kwa kazi tunataka zinazosema ukweli hata kama ukweli hauna ladha.

Zangu nilizipata mtumba, kwa muuzaji wa vifaa vya studio aliyekuwa hajui alichonacho. Nyepesi. Zimefunika sikio lote bila kulilalia. Zimezibwa nyuma, kwa hiyo cha ndani hakitoki na cha nje hakiingii. Waya unachomoka, ukikanyagwa na mpishi unabadilisha waya, hubadilishi hedifoni. Sponji zinavuliwa. Mimi nilizishonea vifuniko vya kanga kuukuu, iliyofuliwa hadi imelainika, vinne, viwili vikiwa kichwani viwili vipo kwenye kamba vinakauka, kwa sababu ngozi bandia na jasho la Dar havielewani. Majaribio yangu yalikuwa haya: navaa, naweka maharage jikoni, sivui mpaka yaive. Kama yameiva nami nimesahau kwamba nimevaa kitu, hizo ni za kazi. Kijana wa duka lile alinitazama niliposema narudisha za kwanza nilizochukua hapo kwa sababu maharage hayakuiva, lakini alinibadilishia.

Farida alinipa kazi zote za upande wa wanawake, na sababu mnaijua. Akina Ima, vijana wetu wa kamera, hawaingii chumba cha bibi harusi. Ndivyo nilivyofika Kipawa kwa Mzee Salim.

Mzee Salim ni wa zile familia za Kiarabu za hapa hapa, maduka ya vitambaa tangu kwa babu zao, duka chini na nyumba juu. Alikuja ofisini mwenyewe kabla ya siku. Binti yake Rahma anaolewa. Mama yake Rahma yupo Muscat kwa matibabu ya figo, hawezi kusafiri. "Mie picha hazinisumbui," akasema Mzee Salim. "Mama yake anataka kitu kimoja. Amsikie mtoto kwa sauti yake anavyoitikia. Hilo tu. Mengine hata yakikatika."

Akasema hivyo, akaondoka, akarudi kutoka kwenye gari kuja kulisema tena.

Kwa hiyo siku ya siku nilimpachika Rahma maiki ndogo kifuani, ndani ya shela, karibu na mdomo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote. Chumba kilijaa akina mama, udi, na joto. Simu za wageni zote zilikusanywa kwenye kapu mlangoni, kama ilivyo ada ya shughuli za ndani, watu wasije wakapigana picha wakiwa wazi. Simu yangu mimi ndiyo iliyokuwa inatoa intaneti, imelala karibu na laptopu, haiguswi. Nilikaa pembeni nyuma ya pazia na mikisa yangu mapajani. Ubavuni mwa Rahma alikaa shangazi yake, Bi Khadija, dada yake Mzee Salim, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha kila kitu, kuanzia nani akae wapi hadi sambusa zipite saa ngapi.

Matangazo yalikuwa hayajaanza. Najaribu maiki, namsikia Rahma.

"Shangazi, mbona upande wa mume wameleta maneno asubuhi kwamba chuo cha uuguzi basi? Tuliahidiana nimalize."

"Hayo mtayazungumza nyumbani kwenu, mwanangu."

"Baba anajua?"

"Baba yako ana wageni. Usimpe presha leo."

"Mwaka wangu umebaki mmoja tu, shangazi. Mmoja."

"Shii. Wanja utachuruzika."

Rahma alikuwa anasomea uuguzi. Nilijua hivyo dakika ile ile. Nikapunguza sauti yake, nikatazama dari, nikawa nimezaliwa kiziwi.

Baada ya swala ya alasiri tukaanza kurusha. Muscat ikaonekana imeingia, na jamaa wengine wa huku na huku. Mzee Salim akaja mlangoni na mashahidi wawili, akina mama wakajifunika. Mnajua utaratibu wetu. Baba hana budi kumwuliza binti kabla ya kwenda kumwoza kwa wanaume. Binti akisema ndiyo, ni ndiyo. Akinyamaza, haya imemshika, ni ndiyo. Akilia, amelilia kwao, ni ndiyo. Na chumba kizima kimeshajaza pumzi kinangoja midomo yake ifunguke kipige vigelegele.

"Rahma mwanangu," akasema Mzee Salim, na sauti yake haikuwa imetulia, "unaniidhinisha nikuoze kwa Nassor?"

Nikaipandisha maiki yake ili Muscat wasikie. Rahma akainua uso.

"Baba, bado. Sijakubali. Naomba tuongee kwanza."

Bi Khadija alikuwa ameanza kigelegele kwenye "Baba". Chumba kikamfuata. Sijui kama alisikia. Nimeliwaza hilo sana na mpaka leo sijui, kwa sababu mtu aliyekaa na kigelegele kooni tangu asubuhi kinaweza kumtoka chenyewe. Mzee Salim aliona midomo ya binti yake inacheza, akasikia furaha ya watu, akafuta jicho kwa ncha ya kilemba, akasema mashaallah, akageuka na mashahidi wake wakashuka ngazi.

Mimi nilisikia kila neno kama nimelisema mwenyewe. Nikatazama huku na huku nione nani mwingine amesikia. Wanacheka, wanarusha maua. Na katikati ya kelele zile nikamsikia Rahma tena, chini kabisa, hamwambii mtu yeyote.

"Hamjanisikia."

Kwenye laptopu maandishi yakaanza kupanda. Mama yake. Rahma kasema nini? Kisha, mpigieni baba yake. Kisha, jamani mbona hampokei simu? Kapu la mlangoni lilikuwa linatetemeka kwa simu, na simu ya Mzee Salim ilikuwa imezimwa, mtu haendi kuoza na simu inalia. Chini kwenye turubai wanaume wameshapangwa. Nikafikiria kumwandikia Ima aliye na kamera huko. Nikajiuliza Ima aseme nini. Mtoto wa watu kutoka Mbeya, asimame mbele ya shekhe aseme samahani, braza wa kamera ana neno?

Niliogopa. Sheria ya Mzee Masoud nilikuwa nimeishika maisha yangu yote. Lakini kadiri nilivyoirudia kichwani ndivyo nilivyoona kwamba neno hili halikuwa limenidondokea kwa bahati mbaya kama yale masanduku ya mke wa mtangazaji. Maiki ile iliwekwa pale makusudi ili neno la binti lifike. Baba yake alikuja hadi Mbezi Beach kuniambia hivyo, akarudi kutoka kwenye gari kurudia. Kama halikufika, mimi sijafanya kazi.

Nikatoka nyuma ya pazia. "Bi Khadija, binti hajakubali."

"Fundi, wewe kaa na waya zako."

"Amesema bado. Nimemsikia."

"Sie wote tupo hapa, umesikia wewe tu?"

Nikainama kwa Rahma mwenyewe. "Mwanangu, nimpelekee baba yako?" Alinitazama kana kwamba nimetokea ukutani. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, mara mbili, kwa nguvu, hadi shela ikahama.

Nikachomoa kinasa sauti kidogo kilichokuwa kinarekodi kila neno kama akiba, nikashuka ngazi huku hedifoni zikining'inia shingoni. Viatu vyangu sikuviona, nikaenda pekupeku. Mlangoni mwa turubai kijana mmoja akanizuia. "Sista, huku ni wanaume, akdi inaanza." Nikamwambia nina kazi na Mzee Salim, na nikapita chini ya mkono wake, umri una faida zake. Kanzu zikasogea, magoti yakajikunja, watu wakanitazama. Shekhe alikuwa ameshaanza kusafisha koo.

Mzee Salim akaniona, akakunja uso. "Umeme umekatika?"

"Hapana, mzee. Naomba uvae hizi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ni sauti ya mwanao."

Hazikuenea juu ya kilemba. Akakivua, akakiweka juu ya goti, akavaa. Nikabonyeza. Naomba niwaambie sasa kwa nini nasisitiza hedifoni zilizozibwa, na kwa nini sponji iliyochoka lazima ibadilishwe. Turubai lilikuwa kimya. Shekhe alikuwa amekaa goti kwa goti na Mzee Salim. Bwana harusi alikuwa mbele yake, na wazee wa bwana harusi nyuma. Hakuna hata mmoja aliyesikia herufi. Binti yule alisema na baba yake katikati ya wanaume wale wote, na heshima yake haikuguswa na mtu. Zingekuwa zile za kuvujisha, au ningekuwa nimebonyeza spika ya simu, aibu ingekuwa ya mji mzima.

Uso wake haukubadilika mara moja. Kisha akaniinulia kidole kimoja, kwamba nirudie. Nikamrudishia. Alipomaliza mara ya pili hakuzivua. Alikaa nazo akisikiliza pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Shekhe, nisamehe," akasema. "Nina jambo ndani."

Akainuka bila kilemba, hedifoni zikashuka shingoni, akapanda ngazi nami nyuma yake. Akina mama walipomwona kichwa wazi walitoka wenyewe. Bi Khadija akabaki. "Na wewe, dada," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mama yake anasikia?"

"Anasikia, mzee. Na wengine pia."

"Funga wengine. Asikie yeye peke yake. Na wewe ukae nje."

Nikayafunga matangazo, nikampigia mama yake kwa laptopu, nikaiacha maiki ya Rahma wazi. Nilipokuwa navuta mlango nilisikia kwa masikio matupu, "Mbona hukusema?" na yeye akajibu, "Nimesema, baba." Mlango ukajifunga.

Nikakaa kwenye ngazi, kati ya viatu vya wageni. Sijawahi kuhangaika vile. Miaka yote ya kazi sijawahi kuiacha sauti iende bila sikio langu juu yake, na sasa inaenda Muscat, sauti moja ya maana kuliko zote nilizorusha, na mimi sijui kama maiki imehama, kama shela inakwaruza, kama bando limekata. Mikono ilikuwa inatafuta vitufe kwenye magoti. Nikapanga viatu. Nikavipanga tena kwa ukubwa.

Bi Khadija alikuwa amekaa ngazi ya juu yangu. Nilidhani atanitukana. Alikuwa anazungusha bangili.

"Mie nilijua anaona haya tu," akasema mwishowe. "Sie tuliolewaga hivyo. Hakuna aliyewahi kusema neno."

Nikamsogezea kiatu chake kilichokuwa chini yangu.

Mzee Salim alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema wageni wale pilau, leo akdi hakuna. Na pilau likaliwa, msinielewe vibaya, hakuna aliyeacha sahani. Lakini wazee wa bwana harusi waliondoka bila kunawa, na nilipokuwa nakunja waya nilisikia jina langu mara kadhaa, na halikuwa linatajwa kwa wema. Farida alinifokea kwenye gari njia nzima hadi Mbezi Beach. "Bi Zuwena, ishu za familia za watu zinatuhusu nini? Kipawa yote sasa itatukimbia!" Alikuwa na haki ya kuogopa, ofisi ni yake. Na kweli simu za upande ule zilinyamaza kwa miezi. Nilikuwa nikilala naamka nauliza dari kama nimemharibia mtoto yule maisha. Kama Nassor angeoa kwingine, ningesema nini?

Nassor hakuoa kwingine. Yale maneno ya asubuhi yalikuwa ya wazee wake, yeye mwenyewe alikwenda kwa Mzee Salim kusema atangoja. Rahma akamaliza mwaka wake. Mzee Salim akapiga simu ofisini, akataka fundi yule yule.

Chumba kilikuwa kile kile, na udi ule ule. Mama yake yupo Muscat, anasikiliza. Nimejifunga kama kawaida yangu, nipo nyuma ya pazia. Mzee Salim akaja mlangoni na mashahidi, akauliza. Safari hii akina mama wote walikuwa kimya kabisa, na Bi Khadija alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikaipandisha maiki hadi mwisho, nikijua mabibi harusi huwa wananong'ona.

Rahma akavuta pumzi, akasema nimekubali kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

Nilishtuka nikagonga kichwa ukutani. Mshale wa mikisa uliruka hadi kwenye nyekundu ukabaki huko, masikio yakalia zii, na sauti ile ikaenda Muscat imepasuka vipande. Kwa vipimo vya kazi yetu ni sauti iliyoharibika, haifai hata kwa kufundishia. Farida aliponiuliza kesho yake kama tuisafishe kabla ya kuwapelekea familia nakala yao, nilimwambia aiache hivyo hivyo, na mtu asiiguse.